Kamera mikononi mwa mwanamke: tuzo au ushahidi?



Nilikuwa namaliza kipindi cha mwisho cha siku. Mada ilikuwa haki na nafasi ya mwanamke katika Uislamu, mada ambayo sisi walimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu tunaifundisha kila mwaka mpaka tunaweza kuisema huku tumefumba macho. Nilikuwa nimeeleza haki ya elimu, mahari, mirathi na kumiliki mali. Ubao umejaa. Nikauliza, kama ilivyo ada, nani ana swali.

Binti mmoja anayekaa nyuma, ambaye si msemaji sana, akasimama. "Ustadh," akasema, "mwanamke akisomea kuongoza filamu, anapata dhambi?"

Sikufikiri hata nusu dakika. Nikamwambia kuwa mambo ya filamu ni uchafu wa Wamagharibi, kwamba binti wa Kiislamu mwenye akili husomea ualimu au uuguzi akawasaidia wanawake wenzake, na kwamba hao wanaopewa tuzo huko nje wanapewa kwa kuwa wamevua haya. Darasa likacheka. Binti akakaa. Kengele ikagonga, nikakusanya vitabu vyangu, nikaenda kuswali Adhuhuri nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Kwa muda wa wiki tatu zilizofuata yule binti hakunyoosha mkono tena.

Jibu langu lilikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la adabu: nilimdhalilisha mtu aliyekuja kutafuta elimu. La pili ni la elimu yenyewe: nilitoa hukumu juu ya jambo nisilolijua. Imam Malik, pamoja na bahari ya elimu aliyokuwa nayo, anajulikana kwa kujibu "sijui" katika maswali mengi aliyoulizwa. Mimi mwalimu wa sekondari nikaona haya kulisema neno hilo mbele ya wanafunzi arobaini. Ndipo nikaamua kwenda kusoma, na makala hii ni matokeo ya kusoma kwangu.

Habari yenyewe ikoje?

Sinema ilianza kuoneshwa kwa watu mjini Paris mwaka 1895. Mwaka uliofuata tu, mwanamke wa Kifaransa aitwaye Alice Guy, aliyekuwa akifanya kazi za ukatibu katika kampuni ya Gaumont, alianza kutengeneza filamu zake mwenyewe. Alitengeneza mamia ya filamu, akahamia Marekani na kumiliki studio. Lakini biashara hiyo ilipoanza kuingiza fedha nyingi, wanawake walisukumwa pembeni, na baadhi ya kazi zake zikaja kuhesabiwa kuwa ni za wanaume. Jina lake likasahaulika kwa miaka mingi.

Tuzo za Oscar za Marekani zilianza kutolewa mwaka 1929. Ilichukua mpaka mwaka 2010 kwa mwanamke wa kwanza, Kathryn Bigelow, kupewa tuzo ya mwongozaji bora. Baada yake wakafuata Chloé Zhao, mzaliwa wa China, mwaka 2021, na Jane Campion wa New Zealand mwaka 2022. Katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa, huyo Campion alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo kuu ya Palme d'Or, mwaka 1993, na hata hivyo aligawana na mwanamume. Wa pili alisubiri hadi mwaka 2021, naye ni Julia Ducournau, kisha Justine Triet mwaka 2023. Hao ndio wanaotuhubiria kila siku kuwa Waislamu tunawanyima wanawake nafasi. Mwenye nyumba ya vioo asiwe mwepesi wa kurusha mawe.

Lakini tusifurahie aibu ya wenzetu tukasahau kutazama kwetu. Mwaka 1927 mwanamke wa Misri, Aziza Amir, aligharamia na kuigiza filamu iitwayo Laila, moja ya filamu ndefu za mwanzo kabisa za nchi hiyo. Mwaka 1975 Safi Faye wa Senegal alitengeneza Kaddu Beykat, filamu ya wakulima wa kijijini kwao na adha ya kilimo cha karanga cha kuuza nje. Mati Diop, ambaye asili ya baba yake ni Senegal, alipata tuzo ya pili kwa ukubwa pale Cannes mwaka 2019 kwa filamu ya vijana wa Dakar wanaopotelea baharini wakiikimbilia Ulaya, na ya wasichana wanaobaki nyuma. Hapa kwetu Tanzania, filamu ya Binti ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Seko Shamte, ilisimulia maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam. Kwa hiyo jambo hili si geni, wala halipo mbali. Limeshafika mtaani.

Je, mwanamke akishika kamera haki imepatikana?

Hapa ndipo pana hoja ambayo wanaoshangilia tuzo hizi hawapendi kuigusa. Wanadhani kuwa ikiwa aliyeshika kamera ni mwanamke, basi dhulma imeondoka. Tumtazame huyo wa kwanza, Bigelow. Filamu iliyompa tuzo mwaka 2010, The Hurt Locker, inahusu askari wa Kimarekani wanaotegua mabomu nchini Iraq. Nchi imevamiwa mwaka 2003, watu wake wameuawa kwa maelfu, lakini ndani ya filamu anayeumia, anayeogopa, anayekumbuka mtoto wake nyumbani ni askari aliyevamia. Mwiraki mara nyingi ni mtu wa kupita barabarani, wa kutiliwa shaka, asiye na jina wala hadithi. Mwaka 2012 mwongozaji huyo huyo akatoa Zero Dark Thirty, juu ya kusakwa kwa Osama bin Laden. Filamu hiyo iliwafanya hata maseneta wa Marekani wenyewe, akiwamo John McCain ambaye aliwahi kuteswa vitani, walalamike kuwa inawaaminisha watu kwamba kuwatesa wafungwa kulisaidia.

Basi aliyeangalia ni mwanamke, lakini jicho ni lile lile la jeshi. Mama wa Baghdad aliyepoteza mwanawe hakupata chochote kwa kuwa aliyemsahau safari hii alikuwa mwanamke mwenzake. Naona hili ni funzo kubwa la kimaadili. Mtu hapewi sifa ya uadilifu kwa maumbile yake. Anapewa kwa namna alivyoibeba amana.

Ningeweza kuishia hapo na kumrudia binti yule nikamwambia, "Umeona? Nilikwambia." Lakini huo ungekuwa ujanja. Maana kama uovu wa baadhi ya filamu unatosha kuifunga kazi yote, basi tufunge na magazeti, tufunge na mimbari, kwa kuwa uongo umesemwa na huko pia.

Ushahidi wa wasioonekana

Katika fiqhi kuna mlango wa ushahidi. Wengi wetu tunachokumbuka katika mlango huo ni ile hesabu ya mashahidi wawili wa kike kwa mmoja wa kiume katika mikataba ya madeni, na hapo ndipo mabishano yetu huanzia na kuishia. Tunachosahau kuwaeleza wanafunzi ni kwamba mafakihi hao hao wamekubali ushahidi wa wanawake peke yao, bila mwanamume, katika mambo ambayo kwa kawaida wanaume hawayaoni: uzazi, kunyonyesha, aibu za mwili wa mwanamke na mfano wa hayo. Wamehitilafiana katika idadi, lakini asili ya jambo imekubalika.

Hebu tuifikirie hikima yake. Sheria imetambua kuwa kuna sehemu ya maisha ambayo mwanamume hayupo, na kwamba kutokuwapo kwake hakuifanyi sehemu hiyo isiwe na haki wala dhulma ndani yake. Kwa hiyo anayesikilizwa ni yule aliyekuwapo.

Na dini yetu yenyewe imetufikia kwa njia hiyo. Maisha ya Mtume (s.a.w.) ndani ya nyumba yake, alivyolala, alivyoamka usiku, alivyowatendea watu wake, tumeyajua kwa sehemu kubwa kupitia kwa wakeze. Bibi Aisha (r.a.) peke yake amepokewa hadithi zaidi ya 2,000. Katika karne ya tano Hijria, mjini Makka, Karima al-Marwaziyya alikuwa mmoja wa wapokezi wa kutegemewa wa Sahih Bukhari, na mwanachuoni mkubwa al-Khatib al-Baghdadi alikaa mbele yake akasoma. Hakuna aliyesema kuwa kwa kuwa ni mwanamke basi mapokezi yake yawekwe pembeni. Waliuliza yale yale waliyomuuliza kila mpokezi: je, ni mkweli, na je, amehifadhi?

Mimi nadhani swali la mwongozaji wa filamu wa kike liingie mlango huo. Tuzo ni jambo la baadaye. Kwanza tuulize, ameona nini ambacho wengine hawakukiona, na amekisema kwa ukweli kiasi gani?

Chukua mfano wa Haifaa al-Mansour wa Saudi Arabia. Filamu yake Wadjda, ya mwaka 2012, ilikuwa ya kwanza ndefu kuongozwa na mwanamke wa nchi hiyo na ya kwanza kupigwa yote ndani ya nchi hiyo, wakati ambapo majumba ya sinema yalikuwa bado yamefungwa. Yalifunguliwa tena mwaka 2018. Kwa kuwa hakuweza kuchanganyika barabarani na mafundi wa kiume, aliongoza sehemu nyingine akiwa amejifungia ndani ya gari, akitazama kwenye skrini ndogo na kutoa maelekezo kwa redio ya upepo. Na ndani yake kuna nini? Kuna binti mdogo anayetaka baiskeli. Hana fedha, basi anajiandikisha katika mashindano ya kusoma Qur'ani ili apate zawadi. Anajifunza, anashinda, na anapoulizwa atazifanyia nini fedha anasema ukweli wake: atanunua baiskeli. Mwalimu mkuu anamnyima fedha zile na kusema zitapelekwa Palestina kama sadaka.

Nilipoisoma habari ya kipande hicho niliwafikiria wanafunzi wangu. Kila Ramadhani tunaandaa mashindano ya Qur'ani. Tumewahi lini kumuuliza mtoto anachotaka hasa, na akijibu kweli tukaacha kumdhalilisha? Nilimwona yule mwalimu mkuu, kisha nikajiona mimi nikiwa mbele ya ubao.

Mfano wa pili ni Jasmila Žbanić wa Bosnia. Julai 1995, katika mji wa Srebrenica uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa eneo salama, Waislamu zaidi ya 8,000, wanaume na vijana wa kiume, waliuawa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia chini ya Ratko Mladić, huku askari wa Kiholanzi wa Umoja wa Mataifa wakiwapo. Vitabu vimeandikwa, mahakama imetoa hukumu, na bado wapo wanaokanusha. Mwaka 2020 Žbanić akatoa Quo Vadis, Aida? Aida ni mwalimu, kama mimi, ambaye amekuwa mkalimani wa askari wale wa Umoja wa Mataifa. Mume na wanawe wawili wamo katika umati unaosubiri. Yeye ndiye anayetafsiri maneno ya kuwatuliza watu, huku akianza kuelewa kuwa maneno anayoyatafsiri ni ya uongo. Filamu ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2021, na mwaka huo huo ikapata tuzo ya filamu bora ya Ulaya. Wanaume wale waliuawa. Waliobaki kusimulia ni mama zao, wake zao na dada zao. Ungetaka nani ashike kamera hiyo?

Na mfano wa tatu ni wa karibu zaidi, ambao sidhani kuna Muislamu asiyeujua. Januari 29, 2024, mjini Gaza, mtoto Hind Rajab, wa miaka mitano, alibaki peke yake ndani ya gari pamoja na maiti za jamaa zake, akiongea kwa simu na watu wa Hilali Nyekundu ya Palestina, akiomba waje wamchukue. Gari la wagonjwa likatumwa, nalo likashambuliwa. Mwili wake na ya wahudumu wawili ilipatikana siku 12 baadaye. Mwongozaji wa Tunisia, Kaouther Ben Hania, akatengeneza filamu iitwayo The Voice of Hind Rajab, akitumia sauti yenyewe ya mtoto iliyorekodiwa kwenye simu ile. Septemba 2025 ilipata tuzo ya pili kwa ukubwa katika tamasha la Venice nchini Italia, na watu ukumbini walisimama kuipigia makofi kwa zaidi ya dakika 20.

Sisemi kuwa makofi yamemfufua mtoto. Hayakusimamisha hata bomu moja. Lakini nakumbuka Sura ya At-Takwir inayotueleza kuwa Siku ya Kiyama hata mtoto wa kike aliyezikwa akiwa hai ataulizwa habari za kifo chake. Aliyenyamazishwa ndiye anayepewa nafasi ya kwanza ya kusema. Mtu anayehakikisha kuwa sauti ya mtoto kama huyo haipotei hapa duniani anafanya kazi inayofanana na uadilifu huo, kwa kadiri ya udogo wa binadamu.

"Lakini wanatuaibisha"

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu na mimi nimewahi kulitoa. Watasema: Wamagharibi humpa tuzo mwanamke wa Kiislamu pale tu anapowaanika Waislamu. Akisema juu ya mabomu yao wananyamaza, akisema juu ya mumewe wanamshangilia.

Hoja hii ina ukweli ndani yake na sitaki kuibeza. Mtoa tuzo ana macho yake na haja zake. Ni wajibu wetu kuuliza kila mara, nani amelipia, na nani anafaidika. Lakini hoja yenye ukweli inaweza kutumika vibaya, na sisi tumeitumia kuficha mengi.

Sharmeen Obaid-Chinoy wa Pakistan ana Oscar mbili. Ya kwanza, ya mwaka 2012, ilikuwa kwa filamu ya wanawake waliomwagiwa tindikali usoni. Ya pili, ya mwaka 2016, ni ya filamu A Girl in the River. Ni kisa cha kweli. Binti ameolewa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Baba yake na ami yake wakampiga risasi, wakamtia katika gunia na kumtupa mtoni, wakidhani amekufa. Akaokoka. Kisha wazee wa mtaa wakamshika: samehe, samehe, sisi ni watu wamoja. Akasamehe, na sheria ya nchi wakati ule ikawaachia watuhumiwa kwa sababu ya msamaha huo. Baba akarudi nyumbani bila kujuta.

Hapa mwalimu wa dini hana pa kujificha. Msamaha katika kisasi ni rehema ya Mwenyezi Mungu (s.w.t.), ameitaja katika Sura ya Al-Baqara. Uliwekwa ili damu isilipwe kwa damu bila mwisho, na umewekwa mkononi mwa aliyedhulumiwa. Lakini msamaha anaokamuliwa mtu mnyonge na jamaa za mdhulumu, huku akiwa hana pa kwenda, ni kitu kingine kabisa ingawa kimevishwa jina lile lile. Ni nani aliyeiaibisha dini hapo? Yule aliyepiga picha, au wale walioichukua rehema ya Mungu wakaifanya mlango wa kumtorosha muuaji?

Waziri Mkuu wa Pakistan wakati huo, Nawaz Sharif, aliioneshesha filamu hiyo ofisini kwake na kuahidi kubadilisha sheria. Oktoba 2016 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria kuwa muuaji wa namna hiyo atafungwa maisha hata kama familia imemsamehe. Tuseme haki: wanawake wa Pakistan walikuwa wameipigania sheria hiyo kwa miaka mingi, na mauaji mengine ya mwaka huo yaliwatia wabunge haraka. Filamu peke yake haikuleta sheria. Lakini iliwafanya wakubwa wamtazame usoni mtu waliyekuwa wakimsoma kama namba.

Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tusimamie uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili ya Mungu hata ikiwa ushahidi wenyewe ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Aya haikuweka sharti la "isipokuwa mkiogopa kuonekana vibaya na watu wa nje." Aibu iko kwenye kitendo. Kioo hakikuumba uso.

Mipaka ipo

Nisieleweke kwamba nimehalalisha kila kitu. Mimi si mufti, na wanazuoni wana kauli zao juu ya picha, muziki na mchanganyiko. Ziko filamu za wanawake hao hao ambazo singependa kuzitazama wala kumtazamisha mtu wangu. Lakini tunapozungumzia mwongozaji, tujue kazi yake ni ipi: ni yeye anayeamua nini kionekane na nini kisitirike. Kwa hiyo maadili ya kazi yake tunayo tayari katika dini. Asiseme uongo. Asimwanike mtu bila ridhaa yake. Ahakiki habari kabla ya kuitangaza, kama tulivyofundishwa katika Sura ya Al-Hujurat. Asitafute sifa kwa msiba wa mwenziwe. Na akumbuke kuwa sitara ni haki ya aliyedhulumiwa kabla ya kuwa ngao ya aliyedhulumu.

Na kwa kweli tumekwishaukubali ukweli huu kwenye shughuli zetu. Mzazi wa bibi harusi anapoandaa sherehe ya wanawake hapa mjini, cha kwanza anachotafuta ni mpiga video mwanamke, ili wageni wavue mabaibui wakae kwa amani. Tunampigia simu huku na huku, tukimkosa tunalalamika. Nani alimfundisha? Alisomea wapi, kwa idhini ya ustadh gani? Hatuulizi. Kwenye arusi tunamtaka, kwenye dhulma tunamkataza.

Kilichokuwamo ndani ya simu

Sasa nimrudie binti yangu wa darasani. Wiki tatu baada ya siku ile nilisimama mbele ya darasa lile lile nikasema kuwa nilijibu swali la mwenzao bila elimu na kwa kejeli, na kwa kuwa nilimkosea mbele ya watu namwomba radhi mbele ya watu. Wanafunzi walinyamaza kimya. Baada ya kipindi akaja na rafiki yake, wakasimama mlangoni. "Ustadh," akasema, "kuna kitu nataka ukione, halafu uniambie kama nimepata dhambi."

Kisa hiki nakisimulia kwa idhini yake na ya familia yake.

Ilikuwa video ya dakika 11 aliyoipiga kwa simu ya mama yake. Mama yake mdogo amefiwa na mume, ana watoto watatu, yuko ndani ya eda. Shemeji zake wamekuja kabla hata eda haijaisha, wamechukua hati ya nyumba na kumwambia ajiandae kurudi kwao. Katika video uso wake hauonekani hata mara moja. Inaonekana mikono yake tu, inapeta na kuchambua mchele kwenye ungo, na sauti yake inaeleza, bila kulia, nani alikuja, siku gani, alisema nini. Pale anapolitaja jina la marehemu mikono inasimama. Kisha inaendelea.

Nikamuuliza kwa nini hakuuonesha uso. Akanishangaa. "Yupo kwenye eda, Ustadh. Na mwenyewe amesema sauti inatosha."

Ndugu zangu, mimi nimefundisha mirathi kwa miaka. Naandika ubaoni kuwa mke mwenye watoto ana thumni, moja ya nane, na asiye na watoto ana robo. Nasahihisha mitihani, natia vema. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia hata mjane mmoja akieleza mwenyewe jinsi thumni yake ilivyoliwa. Na ningemsikia vipi? Mjane yuko ndani, na mimi niko nje nafundisha haki zake. Aliyeweza kuingia ni binti wa miaka 17, akaja kuniuliza swali, nami nikamchekesha darasa.

Kuna sura ya Qur'ani ambayo aya zake za mwanzo ziliteremka kwa sababu ya mwanamke, Khawla bint Tha'laba, aliyekwenda kumshtakia mumewe kwa Mtume (s.a.w.). Bibi Aisha anasimulia kuwa alikuwamo humo humo nyumbani, na maneno mengine ya mama yule hakuyasikia, lakini Mwenyezi Mungu juu ya mbingu aliyasikia yote. Imeitwa Al-Mujadila, kwa jina la mwanamke anayejadiliana. Sisi tuko chumba cha pili, tumeziba masikio, kisha tunasema dini imemheshimu mwanamke.

Kwa ruhusa ya mama yule, na kwa sharti lake kuwa video isitoke nje ya watu wanne aliowataja, tulimpelekea imamu wa msikiti wao, mzee anayeheshimiwa na ukoo wa marehemu. Aliitazama mara mbili. Hakusema kitu, akaomba maji ya kunywa, kisha akawaita wale shemeji. Hati ya nyumba sasa iko mikononi mwa imamu. Mirathi bado haijagawanywa ninapoandika haya, na sitaki kumdanganya msomaji kuwa kila kitu kimekwisha. Lakini mjane bado yuko ndani ya nyumba yake na wanawe.

Ile video haitapata tuzo popote. Haitaoneshwa Cannes wala Zanzibar. Huenda isitazamwe na mtu wa sita. Na bado, kwa mizani ninayoijua mimi, imetimiza kile ambacho filamu nyingi zenye tuzo hazijakitimiza.

Basi nimalizie kwa maombi matatu. Wazazi, binti akisema anataka kujifunza kazi hii, muulizeni anataka kuonesha nini kabla ya kumjibu. Shule zetu za Kiislamu, ambazo zina vilabu vya midahalo na mashindano ya Qur'ani, zifikirie pia kuwafundisha vijana kuandika na kurekodi habari kwa uadilifu na sitara, wavulana na wasichana. Na walimu wenzangu, tujizoeshe lile neno la Imam Malik.

Nilimjibu yule binti mlangoni pale, safari hii polepole. Nikamwambia sijui hukumu ya kila filamu aliyoiona au atakayoiona. Lakini kwa hii aliyonionesha, namwomba Mwenyezi Mungu amlipe ujira wa shahidi mkweli, na mimi anisamehe.

Wallahu a'lam.